Shauri la Mfugaji: Kuchagua Kondoo Dume

Kondoo mwekundu wa Kimasai si mkubwa wa mwili, na mchinjaji amwonapo kando ya Dorper humpa bei ndogo. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi wa Kajiado, tangu miaka ya 1970, wamekuwa wakinunua madume ya Dorper na kuyaingiza katika makundi yao. Shauri hilo si baya, ila lina upande wa pili.

Mbegu ya Dorper ilianzishwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1930. Wataalamu walichanganya Dorset Horn wa Uingereza, mwenye mapaja yaliyojaa, na kondoo mwenye kichwa cheusi avumiliaye ukame, ambaye huitwa wa Kiajemi ijapokuwa asili yake ni Usomali. Walitaka kondoo akuaye upesi katika nchi kavu, mwenye mgongo mpana, na mafuta yake yaenee kidogo juu ya nyama badala ya kurundikana mkiani. Sifa hizi za mwili hurithiwa kwa urahisi, hata chotara wa uzao wa kwanza hutambulikana sokoni.

Uwezo wa kuishi ni jambo jingine. Katika miaka ya 1990 mbegu hizo mbili zilijaribiwa pamoja katika pwani ya Kenya, penye unyevu mwingi na minyoo ya tumbo inyonyayo damu. Wana-kondoo wa Dorper walikufa wengi zaidi. Wale wekundu walikuwa na mayai machache ya minyoo katika mavi yao, na damu yao haikupungua sana. Ilipofanywa hesabu ya kundi zima, wekundu ndio waliokuwa na faida kubwa, maana kondoo aliyekufa hapimwi kilo.

Basi mwenye kukaa penye mvua na atenge majike mekundu yasiyochanganywa, na Dorper ampandishe kwa sehemu tu ya kundi, kwa ajili ya wana wa kuchinjwa. Tena yafaa aache desturi moja yenye hasara: kuuza kwanza dume lililokua upesi kuliko yote, kisha kuacha lililodumaa liwe baba wa kundi. Wana-kondoo wapimwe wanapoachishwa ziwa, na dume bora litiwe alama kabla mnunuzi hajafika.