MASTAA ACHENI KUWACHEKA WANAOKAA KWA SHEMEJI, KODI YA MIEZI SITA SIO MCHEZO!

Haipiti wiki bila staa kutokea Insta, kasimama kwenye sebule yenye marumaru, TV imefunika ukuta mzima, anawapa vijana somo: utakaa kwa shemeji mpaka lini, kapange! Wafuasi wanacheka, likes zinapanda, kiki imeingia.

Sawa. Ila huyo kijana anayechekwa hajakataa kupanga. Kakataliwa na hesabu.

Chukulia binti katoka Mbeya, kashuka stendi ya Mbezi na begi moja, kapata kazi ya kuuza duka Kariakoo. Mshahara tufanye laki mbili. Akitoa nauli na chakula, akijibana kwelikweli, anabaki na elfu hamsini. Chumba kimoja cha kawaida, choo cha nje, huko Mbagala au Gongo la Mboto, tuseme elfu sabini. Mbona rahisi?

Subiri. Mwenye nyumba hataki elfu sabini, anataka ya miezi sita: 420,000. Dalali naye anataka mwezi mmoja wake: 70,000. Jumla 490,000, hapo hajanunua godoro, ndoo wala jiko. Kwa elfu hamsini kila mwezi, ni miezi kumi. Miezi kumi ya kulala sebuleni kwa dada, kusubiri shemeji amalize mpira ndio utandike. Na katika hiyo miezi kumi asiugue, na nyumbani wasipige simu kuomba hela.

Bado hajakutana na hela ya kuzungushwa. Dalali anachukua elfu kumi, anaonyesha vyumba vitatu: kimoja kinavuja, kingine kilishachukuliwa jana, cha tatu bei imepanda njiani. Kesho dalali mwingine, elfu kumi nyingine. Mgeni wa jiji ndiye anayeliwa zaidi, maana hajui Tandika wala Kimara, hajui bei halali ya mtaa, na hana mtu wa kumuuliza. Wapo hata wanaolipia chumba kimoja watu wanne, funguo anazo dalali, siku ya kuhamia mnakutana mlangoni na magodoro.

Sasa njoo kwenye lile ambalo mastaa hawaligusi. Binti akishachoka kulala sebuleni, anatokea mwanaume anasema kodi nalipa mimi. Miezi sita yote, keshi. Wengi wanakubali, sio kwa tamaa, ni kwa sababu wanataka mlango wao wa kufunga. Lakini anayelipa kodi ndiye mwenye funguo. Anaingia saa anayotaka, akipiga binti anavumilia, maana akiondoka anaondoka bila kodi na bila pa kwenda. Kisha mtandao uleule uliomcheka kwa kukaa kwa shemeji unamuita mdangaji. Jamani, mlitaka akae wapi?

Na baadhi ya hao wanaotoa somo, mjini inajulikana. Kuna mjengo unaokodiwa kwa siku mbili za kupiga picha, kuna apatimenti ya Masaki inayolipiwa na mtu ambaye haonekani kwenye picha. Hakuna ubaya mtu kusaidiwa. Ubaya ni kusaidiwa kimyakimya halafu unawatukana wasio na wa kuwasaidia.

Wenye nyumba nao wana lao: wapangaji wasumbufu, wanakimbia na kodi, wanaacha deni la maji. Ni kweli wapo. Lakini Nairobi watu wanalipa mwezi kwa mwezi, wanaweka na dipoziti, ukiharibu inakatwa humo. Wenye nyumba wa kule hawajafilisika. Kwa nini Dar ishindikane? Mshahara wenyewe unalipwa kwa mwezi, hakuna bosi anayelipa miezi sita mbele.

Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Tangu hapo unachokubaliana na mwenye nyumba ndicho hichohicho, na mwenye shida huwa hana nguvu ya kubishana. Staa mwenye wafuasi milioni akiamua kulipigia kelele hili kama anavyopigia kelele ugomvi wake na ex wake, wakubwa watasikia. Hiyo ndiyo kiki yenye maana.

Kwa anayetafuta chumba leo, mambo machache. Usitoe kodi kabla ya kumuona mwenye nyumba mwenyewe, na kaulize kwa majirani na kwa mjumbe kama kweli ni yake. Omba mkataba wa maandishi, hata karatasi moja, na hela ipite kwenye simu au benki ili ushahidi ubaki. Uliza LUKU mnachangiaje, maana ugomvi wa friji ya jirani umehamisha wengi. Na omba miezi mitatu. Wengine wanakubali, hasa chumba kikiwa kimekaa tupu muda mrefu.

Kukaa kwa shemeji sio uvivu. Wengi pale wanajikusanya. Mcheke aliyekataa kazi, sio anayeamka saa kumi na moja kuwahi daladala huku anadunduliza kodi ya miezi sita.

Wadau, chumba chako cha kwanza ulidaiwa miezi mingapi? Tiririka hapo chini.