Ufunguo wa Pili Anao Nani?

Masika moja maji yaliingia mtaani kwetu saa nne asubuhi, watu wazima wengi wakiwa wameshatoka kwenda kwenye shughuli zao. Nyumba ya tatu kutoka kwangu ilikuwa imefungwa kufuli kwa nje. Ndani alikuwemo kijana wa miaka 26 mwenye ulemavu wa akili, na mama yake yuko sokoni anauza nyanya. Mtaa mzima ulijua kwamba mama yule hufunga. Hakufunga kwa ukatili. Mara mbili mwanawe alishapotea akatafutwa usiku kucha, na mara ya pili alikutwa amepigwa na watu waliomdhania mwizi. Mama asipouza hawali, na akiacha mlango wazi huenda asimkute.

Vijana wakavunja mlango. Maji yalikuwa magotini. Wakaingia wanne kwa mpigo wakipiga kelele, "Toka! Toka haraka!" Kijana akarudi nyuma, akajibanza kati ya kabati na ukuta, akang'ang'ania mguu wa kitanda. Walipomvuta akawauma. Aliyemtoa ni binti anayekaanga vitumbua pale kona. Alisimama mlangoni, akamwita kwa jina lake la nyumbani, akamwambia chai iko tayari. Kijana akatoka, akashika pindo la kanga ya yule binti, wakapita kwenye maji polepole mpaka barabarani.

Siku nzima tulimsifu yule binti. Mimi nilibaki na aibu yangu: miaka tisa katika mtaa ule, kufuli nalijua, jina la kijana silijui.

Ndugu zangu wananchi, naandika kuwaomba tusingoje masika nyingine.

Hawa ninaowasemea, watu kama kijana yule, si wagonjwa wa akili, ingawa tunawachanganya kila siku. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu ukubwani, akatibiwa, akapona. Ulemavu wa akili mtu huwa nao tangu utotoni: kuelewa, kujifunza na kukumbuka humchukua muda mrefu kuliko wenzake. Wengine wamezaliwa hivyo, wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, wengine waliugua malaria kali au homa ya uti wa mgongo wakiwa wadogo. Vijiweni tunawaita zezeta, taahira, punguani. Mbali na kuwa ni matusi, majina hayo yana hasara nyingine: yanameza jina la kweli, na siku ya hatari hakuna anayejua la kumwita mtu ili aitike.

Tarehe 3 Desemba kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2023 iliangukia Jumapili, na asubuhi ya Jumapili hiyo tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tope lile halikungoja hotuba za maadhimisho ziishe. Na wakazi wa Bonde la Msimbazi hawahitaji kupelekwa Hanang ili waelewe. Wanayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baada yake familia zilihamishiwa Mabwepande.

Kwenye karatasi tuko vizuri. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 11 inazitaka nchi ziwalinde watu hawa wakati wa maafa. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, iliyoweka kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Mwaka 2022 ikaja Sheria ya Usimamizi wa Maafa. Sasa nenda ofisi ya serikali ya mtaa wako, muulize mtendaji kama kamati ya maafa na kamati ya watu wenye ulemavu zimewahi kukaa meza moja. Kwetu hazikuwahi. Hii ya kwanza inajua mifereji ilikoziba, ile ya pili inajua nani anaishi wapi.

Lakini mafuriko yana bahati ya kuonekana. Dharura nyingi za watu hawa hazina tope wala king'ora. Kijana anaanza kujipigiza kichwa ukutani na kukataa chakula. Familia inasema amezidiwa, zahanati inasema ndivyo walivyo, anarudishwa nyumbani. Wiki mbili baadaye linagundulika jino lililooza mpaka kwenye mzizi. Asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa mwili. Tabia ikibadilika ghafla, tuanze na masikio, meno, tumbo na choo kabla ya kulaumu akili.

Baadhi yao pia wana kifafa, na dawa ya kifafa ikikatika ghafla kwa sababu imekwisha au imeachwa ndani ya nyumba iliyofurika, degedege hurudi, pengine kwa nguvu zaidi. Mtu akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa. Zikipita dakika tano hajatulia, tafuta usafiri wa hospitali. Bodaboda wa kijiweni wafundishwe hili, maana ndio hufika wa kwanza.

Kuna dharura ambayo nadhani ndiyo kubwa kuliko zote, nayo hutukuta tumekaa kwenye mikeka: mama amefariki. Msibani tunachanga, tunapika, tunapanga nani achukue watoto. Mtu wa miaka 34 ambaye hajawahi kulala mbali na mama yake hahesabiwi, kwa kuwa ana ndevu. Mtoto ana namba 116, inapigwa bure. Huyu ameshavuka miaka 18. Wa kumwendea ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na mara nyingi hakuna aliyemweleza afisa huyo kwamba mtu wa namna hii yupo. Wazee wa ukoo, lisemeni hili mama akiwa hai, mbele yake, kwa jina la atakayepokea.

Mwenye ulemavu wa akili akifanyiwa ukatili, hasa wa kingono, msimwogeshe, msifue nguo zake, msikae kikao cha kuyamaliza kifamilia. Mpelekeni hospitali na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mchukue fomu ya PF3. Mkiambiwa kwamba mtu kama huyu hawezi kutoa ushahidi, msikubali. Sheria ya Ushahidi inaanzia kwenye kanuni kwamba kila mtu anaweza kutoa ushahidi, isipokuwa mahakama ikiona haelewi maswali au hawezi kuyajibu. Mwenye kupima hilo ni mahakama, si askari wa mapokezi.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Kila nyumba inayofunga kufuli iwe na ufunguo wa pili kwa jirani ambaye hushinda nyumbani: muuza duka, fundi cherehani, bibi wa nyumba ya pili. Jirani huyo azoeane na anayefungiwa, awe anaingia hata siku zisizo na shida, ili sura yake isiwe ngeni siku ya shida. Kisha iandikwe nusu karatasi, nakala moja nyuma ya mlango na nyingine kwa mjumbe: jina analoitikia, dawa na saa zake, kinachomtisha, kinachomtuliza, namba tatu za simu. Orodha ya mtaa ikae kwa mwenyekiti, ndani ya kabati. Isibandikwe ubaoni, wapo watakaoisoma kwa nia mbaya.

Ukipiga 114 kuwaita Zimamoto, au 112 polisi, sema mapema kwamba ndani kuna mtu mwenye ulemavu wa akili na huenda amejificha. Wakifika, aongee mtu mmoja tu, kwa maneno machache, aonyeshe kwa mkono, angoje. Kama kuna doli au redio mbovu asiyoachana nayo, ibebeni. Na mkihamishiwa kwenye madarasa ya shule, mtafutieni kona tulivu na mtu wa kumsindikiza chooni, hasa usiku.

Masika huanza Machi. Kabla ya hapo mitaa yetu itakuwa na mkutano wa wakazi angalau mmoja. Nenda. Omba suala la majirani hawa liandikwe kwenye ajenda, lipewe muda wake na mtu wa kulifuatilia kwa jina. Usikubali liwekwe kwenye mengineyo.