Hivi nani aligundua Nyanza?

 Hapa Malimbe boom bado halijaingia, lakini tuyaache hayo. Leo nina hoja kwa walimu watarajiwa wenzangu, hasa nyie wa jiografia na historia.

Mnajua kuwa huko angani kuna mwamba unaitwa 1356 Nyanza? Ni asteroidi yenye upana wa kilomita 63 hivi, inazunguka jua kwenye ule ukanda kati ya Mirihi na Mshtarii. Aliyeiona kwanza ni Cyril Jackson, tarehe 3 Mei 1935, kule Johannesburg. Jamaa alikuwa mkali, amegundua asteroidi 72! Kazi yenyewe ni kupiga picha za anga halafu kusaka kitone kinachohama wakati nyota zimetulia. Jina lilitokana na Mkoa wa Nyanza wa Kenya, na mkoa nao ulilitoa ziwani hapa hapa.

Sasa linganisha na Speke. Tarehe 3 Agosti 1858 anafika Mwanza, Burton kamwacha Tabora anaumwa. Anakuta nini? Wasukuma na Wakerewe wana mitumbwi, wanavua sato, na ziwa lina jina. Mwenyewe aliandika "Victoria N'yanza", kwa hiyo jina la wenyeji alilijua kabisa, akaamua tu kumtanguliza malkia wake. Halafu shuleni tunakaririshwa "aligundua". Aligundua nini jamani? Jackson aliona kitu ambacho hakuna binadamu alishawahi kukitambua, na jina likatoka kwetu. Speke alionyeshwa maji ambayo watu walikuwa wanayanywa, jina likatoka London.

Na kuna kichekesho. Asteroidi inayoitwa 12 Victoria nayo ipo, iligunduliwa na John Russell Hind huko London mwaka 1850. Wanaastronomia wa Marekani wakaja juu: iweje ipewe jina la malkia aliye hai, wakati desturi ni majina ya miungu ya kale? Hind akajitetea kuwa Victoria ni mungu wa ushindi wa Warumi. Wengine wakagoma, wakawa wanaiita Clio. Yaani jiwe lisilo na mtu hata mmoja lilipata wa kulitetea! Ziwa lenye watu pande zote, nani aliulizwa?

Mtasema Speke alikuwa anatafuta chanzo cha Nile. Sawa, hilo apewe, alipatia. Ila chanzo cha mto ni kitu kimoja, na ziwa lenyewe ni kingine.

Mi sisemi ramani zibadilishwe kesho. Nasema nikienda fildi, lile swali la "nani aligundua Ziwa Victoria" sitalitunga. Nitawauliza wanafunzi nani aligundua 1356 Nyanza, kisha waniambie yeye na Speke wana tofauti gani.

Anayetaka kumtetea Speke aje kantini jioni. Chai nalipa mimi, boom likiingia.