"Star Wars": Mbona Mwisho Ulikosa Ladha?

Mtambaji wa hadithi akikosea kidogo katikati, watoto humsamehe. Lakini akimuua zimwi usiku wa leo, kisha kesho amrudishe yu hai bila kueleza amefufukaje, hata mtoto wa miaka sita atauliza: "Bibi, si ulituambia amekufa?"

Swali hilo ndilo waliloulizana watazamaji wengi mwezi wa Desemba 2019, walipotoka kuitazama "The Rise of Skywalker", filamu iliyofunga mfululizo wa tatu mpya za "Star Wars". Miaka imepita, na jibu la kuridhisha bado halijapatikana.

Wapenzi wa sinema watakumbuka kwamba kisa hiki cha vita vya angani kilianza mwaka 1977, nacho ni kazi ya George Lucas. Mwaka 1983, katika "Return of the Jedi", Darth Vader alimwinua juujuu bwana wake, Mfalme Palpatine, akamtupa shimoni. Watu wakashangilia, wakaenda zao. Mwaka 2012 Disney iliinunua kampuni ya Lucas kwa dola zaidi ya bilioni 4, ikaahidi kukiendeleza kisa hicho.

Filamu ya kwanza, "The Force Awakens" ya mwaka 2015, ilielekezwa na J.J. Abrams, nayo ilipendwa sana. Sisi Wakenya tulikuwa na sababu yetu ya kuifurahia, kwani binti yetu Lupita Nyong'o ndiye aliyekuwa Maz Kanata, bibi kizee mwenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Ya pili, "The Last Jedi" ya mwaka 2017, ilikuwa ya Rian Johnson. Humo tuliambiwa kwamba Rey, msichana shujaa, hakuwa wa ukoo wowote mkubwa. Wazazi wake walikuwa watu ovyo waliomuuza wapate pesa za kulewa. Wako walioichukia filamu hiyo. Mimi naona hilo ndilo lililokuwa wazo bora kuliko yote: kwamba nguvu yaweza kuota hata katika nyumba ya mnyonge.

Filamu ya tatu ilikuja kulivunja wazo hilo. Palpatine amerudi, amerudije, hatuelezwi. Hata tangazo lake la kurejea halikusikika katika filamu, bali lilitolewa siku chache kabla katika mchezo wa kompyuta uitwao Fortnite! Kisha tunaambiwa Rey ni mjukuu wake. Kumbe yule mtoto wa kabwela ni wa nyumba ya kifalme! Mlango uliokuwa umefunguliwa kwa watoto wa makabwela ukafungwa tena, ufunguo ukabaki mikononi mwa wenye majina.

Si Rey peke yake aliyedhulumiwa. Rose, aliyechezwa na Kelly Marie Tran na aliyekuwa na kazi kubwa katika filamu ya pili, safari hii haonekani hata kwa dakika mbili. Naye John Boyega, kijana Mwingereza wa asili ya Nigeria aliyekuwa Finn, alilalamika hadharani mwaka 2020 kwamba wachezaji wasio weupe walitangazwa kwa kishindo, kisha wakasukumwa kando. Mtu akiitazama filamu yenyewe, ni vigumu kumbishia.

Ni haki kutaja shida zilizokuwapo. Carrie Fisher, aliyekuwa Leia, alifariki Desemba 2016, ikabidi zitumike picha zake za zamani. Mwelekezi Colin Trevorrow, aliyepewa kazi hiyo kwanza, aliondoka mwaka 2017, Abrams akaitwa kuja kuziba pengo. Lakini shida hizo hazielezi kwa nini kila lililojengwa katika filamu ya pili lilibomolewa katika ya tatu.

Wengine watasema: mbona ilipata zaidi ya dola bilioni 1? Ni kweli. Lakini ya kwanza ilipata zaidi ya bilioni 2, na ya pili bilioni 1.3 hivi.

Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kuanza safari bila kukubaliana mwisho wake. Abrams mwenyewe alisema mwaka 2021 kwamba amejifunza umuhimu wa kuwa na mpango. Baada ya kelele za mwaka 2017, wenye mali walitishika, wakataka kumfurahisha kila mlalamikaji. Mtambaji anayebadili hadithi kila msikilizaji anapokohoa mwishowe hana hadithi ya kusimulia.

Na asidhani kwamba hasara ni ya fedha tu. Msichana asiye na jina kubwa, aliyemtazama Rey mwaka 2017 akajiona, ndiye aliyenyang'anywa kitu mwaka 2019.