Uchina na Afrika: Tupime Ushahidi, Tusipime Misemo

Katika taaluma ya isimu tunafunza kwamba msemo ukikubaliwa bila kuhojiwa, huanza kufikiri kwa niaba ya msemaji. Ndivyo ulivyofanya msemo "mtego wa madeni", ambao Brahma Chellaney, msomi wa India, aliueneza mwaka 2017 alipoeleza uhusiano wa Uchina na nchi zinazoendelea. Beijing nayo ina wake: "manufaa kwa pande zote". Misemo yote miwili hutoa hukumu kabla ya ushahidi kusikizwa.

Wapo wasomi waliochagua njia ngumu zaidi. Deborah Brautigam wa Marekani alichunguza mkopo mmoja mmoja. Kuhusu bandari ya Hambantota, Sri Lanka, iliyokodishwa kampuni ya Kichina kwa miaka 99, alionyesha kwamba nchi hiyo ilielemewa zaidi na madeni ya masoko ya fedha ya kimataifa kuliko ya Uchina. Naye Ching Kwan Lee, katika utafiti wake kuhusu Zambia uliochapishwa mwaka 2017, aligundua kwamba mgodi wa shaba wa serikali ya Uchina ulilipa mishahara duni, lakini haukuwafuta wafanyakazi wakati wa msukosuko wa 2008, ilhali makampuni mengine yaliwafuta. Mgala muue, na haki yake mpe.

Je, sisi tumefanya nini? Reli ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa Mei 2017, lakini sehemu ya mikataba ya mkopo wake ilitolewa hadharani Novemba 2022. Kwa zaidi ya miaka mitano Wakenya walibishana vikali kuhusu maandishi ambayo hawakuwa wameyasoma. Siri hiyo haikuwa ya mkopeshaji peke yake. Serikali yetu pia iliitunza.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata Taasisi ya Confucius mwaka 2005, miongoni mwa za kwanza barani. Ni vyema Kichina kimpatie mwanafunzi kazi ya ukalimani. Ni vyema zaidi kimwezeshe kusoma sheria, mikataba na hoja za Wachina wenyewe, badala ya kungoja tafsiri ya Washington au London. Walimu nao wawape wanafunzi mkataba waufasiri kifungu kwa kifungu, kabla ya kuwauliza kama Uchina ni rafiki au adui. Maadamu deni tutalilipa sisi, maana yake nayo tuitafute wenyewe.