Yungiyungi la Bugarama tulilinde wenyewe

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa Rusizi methali hiyo imetimia kwa ua dogo ambalo wengi wetu hatulijui. Bugarama tunaijua kwa mpunga na saruji, basi.

Ua hilo ni yungiyungi la chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, dogo kuliko mayungiyungi yote duniani. Jani lake huweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Ua ni jeupe lenye kitovu cha manjano. Mjerumani Eberhard Fischer, mtaalamu wa mimea, alilikuta mwaka 1987 likiota kwenye tope, pale maji ya chemchemi yanapopoa. Machache yakapelekwa bustani ya mimea ya Bonn.

Kufikia 2008 maji yalikuwa yamegeuzwa mkondo kwa ajili ya kilimo, tope likakauka, ua likatoweka. Mwaka 2009 Carlos Magdalena wa bustani ya Kew, London, aligundua kwamba miche yake haikui ikizamishwa majini. Inataka tope linaloguswa na hewa. Mwaka 2014 mwizi aliiba mche mmoja hukohuko Kew. Mwaka 2023 ua likaonekana tena kwetu.

Ndugu mliorejea nyumbani, nanyi mnaovuka daraja la Rusizi na mizigo, tengeni siku moja mtembee. Ufukweni mwa Kivu mtamwona mnandi akianika mabawa, na mdiria akielea hewani kabla ya kujitosa majini. Cyamudongo, kipande cha msitu kilichojitenga na Nyungwe, kina sokwe. Nyungwe yenyewe iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023.

Simlaumu mkulima aliyetafuta maji, kwani ua halijazi sufuria. Lakini yungiyungi hili halidai mto, linadai tope lisilokauka. Naomba viongozi wa wilaya na wakulima wakubaliane sehemu ya maji iachiwe chemchemi, na shule za Bugarama ziwafundishe watoto kulitambua.

Nasi wapita njia tusiling'oe, tusilikanyage, wala tusimpeleke mnunuzi mahali lilipo. Mfanyabiashara anaelewa kuwa kinachoibwa London kina thamani. Wageni walituhifadhia mbegu kwa miaka mingi. Sasa ulinzi ni kazi ya mwenyeji.