Kiolezo Kimoja, Mashine Nyingi

Mgonjwa aingiapo kituoni huona kompyuta moja mapokezini. Nyuma yake ipo seva, na ndani ya seva hiyo mara nyingi huendeshwa mashine pepe kadhaa: ya usajili, ya maabara, ya stoo ya dawa. Badala ya kusimika mfumo endeshi upya kwa kila mashine, mtaalamu huuandaa mara moja, huuhifadhi kama kiolezo, kisha hunakili.

Kwa mahali kama Ivuna, wilayani Momba, njia hii inastahili kuungwa mkono. Safari za masika katika Bonde la Ziwa Rukwa si za kutegemewa, na mtaalamu wa TEHAMA hakai kijijini. Mashine ikiharibika, muuguzi aliyefundishwa aweza kuisimamisha nyingine kutoka kwenye kiolezo, kisha akarejesha nakala rudufu ya taarifa. Anayetibiwa kifua kikuu kwa miezi 6 hutumia dawa 4 kwa miezi 2, kisha dawa 2 kwa miezi 4. Faili lisipopatikana na kadi ikawa imelowa, nani ajuaye amefikia wapi?

Hata hivyo, nakala hurithi kila kitu, ubovu ukiwamo. Nywila ya kiwandani iliyosahaulika katika kiolezo huwa nywila ya mashine zote. Kiolezo kilichoachwa kwenye saa ya Greenwich hurudi nyuma saa 3, hata mtoto aliyezaliwa saa 7 usiku wa kuamkia tarehe 12 akaandikwa saa 4 usiku, tarehe 11. Shambulio la WannaCry la Mei 2017 liliathiri taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 za huduma za afya za umma Uingereza, ingawa kiraka cha kuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa Machi. Kiolezo cha mwaka jana hurejesha nyufa za mwaka jana.

Kosa baya zaidi ni kutengeneza kiolezo kutokana na mashine iliyokwisha kuhudumia wagonjwa. Kufuta mafaili hakutoshi. Mabaki huweza kusalia katika diski, na majibu ya VVU ya mtu mmoja yakasafirishwa hadi vituo vingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. (Kimondo kilichoanguka Ivuna tarehe 16 Desemba 1938 ni kigezo cha wanasayansi kwa sababu kemia yake imebadilika kidogo mno; kiolezo nacho kianze kikiwa safi.)

Basi halmashauri iandae kiolezo kutoka mashine tupu, iandike juu yake tarehe ya kuhuishwa na cheo cha mwenye dhamana, na kila nakala ipewe nywila na funguo zake kabla ya mgonjwa wa kwanza kusajiliwa. Kituo kisicho na mtu wa kuifanya kazi hiyo ni heri kiendelee kwanza na vitabu vya MTUHA.